Kijana Anyamazaye Darasani

Kila mwezi wa Januari, mijini na vijijini mwa Tanzania, twaona jambo lile lile. Vijana wa miaka 13 au 14 watoka nyumbani alfajiri, sare zao mpya, viatu vimepigwa rangi, madaftari bado yananukia duka. Mama asimama mlangoni akiwatazama mpaka wapotee njiani. Majirani waulizana, "Mtoto wako amechaguliwa shule gani?" Ni siku ya furaha, na furaha hiyo ni ya haki.

Lakini pitieni tena penye nyumba ile ile mwezi wa Juni. Yule aliyekuwa mwepesi wa maneno, aliyekuwa akiwasomea wazee barua na kuwafundisha wadogo zake hesabu, sasa amekuwa mzito. Akiulizwa habari za shule hujibu, "Nzuri tu," kisha huingia chumbani. Ripoti yake yafika, nayo imeandikwa kwamba hashiriki darasani. Baba akasirika. Mama ashangaa, maana mtoto huyu ndiye aliyekuwa wa pili katika darasa la saba.

Je, amekuwa mvivu? Amepata marafiki wabaya? Huenda, mambo hayo hutokea. Lakini mara nyingi kuliko tunavyodhani, sababu ni nyingine. Kijana huyu ana hofu, na hofu hiyo hana wa kumwambia. Leo twataka kuitazama hofu hiyo: yatoka wapi, yafanya kazi gani mwilini, na yaweza kuondolewa kwa njia gani.

MLANGO WA LUGHA

Tangu mwaka 1967 nchi yetu iliamua kwamba masomo ya shule za msingi za Serikali yafundishwe kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa jambo jema, maana mtoto huelewa upesi lile aambiwalo kwa lugha aijuayo. Lakini shule za sekondari ziliendelea kutumia Kiingereza, na zaendelea hata leo. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza sayansi, jiografia na hesabu kwa Kiswahili miaka yote, siku moja avuka kizingiti na kuyakuta masomo yale yale yamevaa vazi jingine. Kiingereza amekisoma kama somo, ndiyo. Ila kusoma lugha ni jambo moja, na kusomea elimu nyingine katika lugha hiyo ni jambo jingine.

Sisi tuandikao maneno haya twaikumbuka vizuri juma yetu ya kwanza katika kidato cha kwanza. Mwalimu wa Bayolojia aliuliza swali jepesi: mmea hupata wapi chakula chake? Jibu tulilijua. Tulilijua tangu shule ya msingi, na tungeweza kulieleza kwa Kiswahili mpaka kengele ilie. Tulinyosha mkono, tukasimama, tukafungua kinywa. Neno la kwanza likatoka. La pili likatoka kombo. La tatu halikutoka kabisa. Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka. Tukaketi. Toka siku ile mpaka mwisho wa muhula hatukunyosha mkono tena, wala katika somo lile wala katika jingine lolote.

Hatusemi haya ili kumlaumu mwalimu yule, maana huenda alicheka bila kuwaza neno baya. Twasema ili wazazi wajue kwamba mtoto aweza kuwa na jibu moyoni asiweze kulitoa. Ajuaye jibu akanyamaza, na asiyejua akanyamaza, wote wawili huonekana sawa machoni pa mtu apitaye. Lakini dawa zao si moja.

MWILI UNAPOONA HATARI

Mwaka 1936 daktari mmoja aitwaye Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi katika mji wa Montreal nchini Kanada, alieleza jinsi mwili unavyojikaza unapopatwa na taabu za namna mbalimbali. Jambo hilo siku hizi twaliita msongo. Mtu aonapo hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, damu huenda kwa wingi katika misuli, kinywa hukauka, viganja hutoka jasho. Mwili wajiandaa kupigana au kukimbia.

Maandalizi hayo humfaa mtu aliyekutana na nyoka njiani. Ila kijana aliyeitwa ubaoni hawezi kupigana wala kukimbia. Asimama palepale na chaki mkononi, mwili wake umejaa nguvu isiyo na kazi, na akili yake, badala ya kulitafuta jibu, yatafuta mlango wa kutokea. Ndiyo maana husema baadaye, "Nilikuwa najua, lakini nilisahau yote." Asidhaniwe kuwa mwongo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Je, basi vijana wasikutane kamwe na jambo la kuwatia wasiwasi? La. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, na kila panya aliyekosea alipata mtetemo wa umeme. Waliona kwamba tofauti za visanduku zilipokuwa rahisi kuonekana, mtetemo mkali uliwafanya wajifunze upesi. Lakini tofauti zilipokuwa ngumu kuonekana, mtetemo mkali uliwachelewesha. Wa kadiri ndio uliowafaa. Mtoto si panya, na hatutaki kumpima kwa kipimo cha panya. Hata hivyo kila mwalimu mzoefu amekwisha kuliona jambo hilo darasani: wasiwasi kidogo humwamsha mwanafunzi, na wasiwasi mwingi humfunga. Na kadiri kazi ilivyo ngumu, ndivyo unavyohitajika wasiwasi mdogo zaidi.

Tena kujifunza Fizikia kwa lugha usiyoizoea si kazi rahisi.

KUJIAMINI HUTOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba kujiamini ni kipaji. Kwamba wako waliozaliwa nacho, na wako waliozaliwa bila hicho. Mtaalamu mmoja alitumia maisha yake kuonyesha kwamba sivyo. Jina lake ni Albert Bandura. Alizaliwa mwaka 1925 katika mji mdogo wa Mundare, Kanada, akasoma shule ndogo yenye walimu wachache sana, kisha akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mpaka akawa mmoja wa wanasaikolojia wanaojulikana zaidi duniani. Alifariki mwaka 2021.

Bandura aliwasaidia watu waliokuwa wakiogopa nyoka mno, hata wakashindwa kufanya kazi zao za kila siku. Hakuwahubiria. Aliwapitisha hatua kwa hatua: kwanza wamwangalie nyoka kwa mbali, kisha waukaribie mlango wa chumba alimo, kisha waingie, kisha wamwone mwingine akimshika, mwisho wamguse wao wenyewe. Katika kila hatua mtu alijifunza jambo moja tu: hili nimeliweza. Na hofu ya miaka mingi ilipungua.

Mwaka 1977 Bandura aliandika kwamba imani ya mtu kuwa aweza kulitenda jambo fulani hutoka katika chemchemi nne. Twaomba wazazi na walimu wazitie moyoni.

Ya kwanza, nayo ndiyo yenye nguvu kupita zote, ni kufaulu mwenyewe. Si lazima afaulu jambo kubwa. Sentensi moja aliyoisema sawasawa mbele ya wenzake yamfaa kijana kuliko hotuba ndefu ya kumwambia kwamba ana akili.

Ya pili ni kumwona aliye sawa naye akifaulu. Kumwonyesha mtoto wa kijijini profesa aliyekwenda ng'ambo si vibaya, lakini profesa yuko mbali. Mwonyesheni mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetoka shule ile ile ya msingi, aliyepita njia ile ile ya vumbi, ambaye sasa asimama na kueleza somo. Hapo moyo wake utasema, "Kama yeye, kwa nini si mimi?"

Ya tatu ni maneno ya mtu amwaminiye. Maneno hayo yana kazi yake, ila yana mpaka. Sifa tupu hufa siku ya kushindwa kwa mara ya kwanza. Sifa ya kweli hutaja tendo: "Jana ulikosea maswali saba, leo umekosea matano." Mtoto hawezi kuikana sifa ya namna hiyo, kwa sababu ushahidi uko ndani ya daftari lake.

Ya nne ni jinsi mtu anavyoielewa hali ya mwili wake. Kijana ambaye moyo wake unakwenda mbio kabla ya mtihani aweza kusema, "Nimekwisha, nitaanguka." Aweza pia kusema, "Mwili wangu unajiandaa kufanya kazi." Mapigo ya moyo ni yale yale, maana yake ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo kumweleza kijana habari za mwili wake, kama tulivyofanya hapo juu, ni sehemu ya dawa.

Sisi wenyewe tulipona kwa njia hiyo, ingawa wakati ule hatukuijua kwa jina. Muhula wa pili alikuja mwalimu mwingine, mama mtulivu, asiyesema mengi. Alituona tumekaa nyuma. Hakutuuliza kwa nini hatusemi. Alituambia tu kwamba kazi yetu itakuwa kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi na kuisoma kwa sauti. Ni maneno manne tu! Baada ya juma mbili akaongeza kichwa cha somo. Kisha sentensi ya kwanza ya kitabu. Mwisho wa mwaka tuliulizwa swali ghafla, tukalijibu tukiwa tumesimama. Na baada ya kuketi ndipo tulipotambua kwamba hatukuogopa. Hakuna aliyecheka. Yule mama hakusema neno. Aligeuka akaendelea kuandika ubaoni.

JUU YA FIMBO

Hapa najua, watasema wazee wengine, pana ulegevu. "Sisi tulichapwa, na tulisoma. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Hatuidharau methali hiyo. Mtoto aachwaye afanye apendalo huharibika, na mzazi hulia baadaye. Lakini yafaa tuulize methali hiyo yamhusu nani. Yamhusu mtoto atoroke shule, aibaye, atukanaye wakubwa. Huyo ahitaji kukanywa kwa uthabiti. Je, yamhusu pia mtoto aliyeshindwa kutamka neno la Kiingereza? Huyu hana kosa la tabia. Ana upungufu wa mazoezi. Fimbo yaweza kumfanya mtu aache jambo, lakini haiwezi kumpa msamiati asiokuwa nao.

Tena wale wasemao "tulichapwa tukasoma" ni wale waliobaki. Waliochapwa wakaacha shule hawapo hapa kutuhadithia. Wako mashambani na sokoni, na wengi wao walikuwa na akili nzuri.

Vivyo hivyo twasema juu ya kejeli. Katika baadhi ya shule mtoto aliyesema Kiswahili huvikwa kibao shingoni ili wenzake wamcheke. Matokeo yake ni nini? Asiyejua Kiingereza huacha kusema Kiswahili, na Kiingereza pia hakisemi. Ananyamaza kabisa. Basi tumempotezea lugha moja bila kumpa ya pili.

MTIHANI NA MATOKEO

Hofu nyingine kubwa ni ya mitihani, hasa ule wa kidato cha nne. Matokeo yakitangazwa, kila mwenye simu aweza kuyafungua, na kabla ya jua kuchwa mtaa mzima wajua nani amepata daraja la kwanza na nani amepata sifuri. Kijana wa miaka 17 au 18 hubeba siku moja macho ya ukoo mzima.

Twakumbuka Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na mwezi wa Mei mwaka ule matokeo yalipangwa upya. Somo la siku zile lisisahauliwe: watoto wengi hivyo wakianguka pamoja, haiwezekani kwamba wote walikuwa wavivu. Yako mambo ya walimu, vitabu, maabara na lugha, ambayo mtoto peke yake hawezi kuyajibia.

Baadaye Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Wako waliosikitika, maana kila mtu hupenda kushangilia mshindi. Sisi twaona kwamba ni afadhali mtoto ajilinganishe na alivyokuwa jana, kuliko kujilinganisha na mtoto aliye katika shule ambayo hali zake hazifanani na za kwake.

Na kwa aliyeanguka twasema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vipo vyuo vya ufundi vya VETA. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia zake kwa waliokatiza masomo. Na tangu Novemba 2021 wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wameruhusiwa kurudi darasani. Milango ipo. Lakini mtoto aliyeambiwa nyumbani kwamba yeye si kitu hataiona.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi. Msiulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Ulizeni, "Leo umejifunza nini? Nieleze." Hata kama hamjui Kiingereza, mwacheni awaeleze kwa Kiswahili, maana aelezaye jambo hulishika. Mpunguzieni kazi za jioni, hasa wasichana, ambao mara nyingi huchota maji, hupika na kulea, ndipo wakumbuke madaftari usiku wa manane. Na siku ya matokeo mabaya, mtoto na apate kwanza chakula. Maneno yangoje kesho.

Kwa walimu. Twajua kwamba madarasa yamejaa. Tangu mpango wa shule za kata ulioanza mwaka 2004, na tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipoondolewa mwaka 2016, vijana wengi wameingia ambao zamani wasingeingia. Hilo ni jambo la kushukuru, na mzigo wake ni wenu. Hatuwaombi muongeze saa. Twawaomba jambo moja: darasani mwenu asichekwe mtu aliyejaribu. Mwacheni ajibu kwanza kwa Kiswahili, kisha msaidieni kulisema jibu lile kwa Kiingereza. Hivyo atajua kwamba ana akili, ila alikosa neno.

Kwenu ninyi vijana. Msingoje hofu iondoke ndipo muanze. Anzeni, nayo itapungua. Chagueni mwenzenu mmoja au wawili, mfanye mazoezi ya kusema kila siku robo saa. Someni kidogo kidogo siku nyingi, wala msirundike yote usiku mmoja. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba yaliyosomwa kwa kugawanywa siku kadhaa hudumu kuliko yaliyosomwa kwa mkupuo. Fungeni daftari, kisha jiulizeni mnakumbuka nini; kusoma mistari ile ile mara kumi hudanganya. Wala msijisifu kwa kukesha. Kijana wa umri wenu ahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ubongo hupanga vizuri katika usingizi yale mliyosoma mchana.

Neno moja la mwisho ni zito. Kijana akiacha kula, akikosa usingizi juma kwa juma, akijitenga na rafiki zake, au akisema kwamba ingekuwa heri asiwepo, msidhani anatafuta huruma. Kaeni naye, msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya. Iko pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Kuomba msaada si aibu kwa mtoto wala kwa mzazi.

Jioni ya leo, basi, yule kijana akirudi na kujibu "Nzuri tu," msimwache aingie chumbani. Mwekeeni kigoda karibu na jiko, mpeni viazi amenye, nanyi mnyamaze kidogo. Mikono ikiwa na kazi, kinywa hufunguka. Aliyepata mtu mmoja wa kumsikiliza nyumbani, kesho atathubutu kunyosha mkono darasani.